Saketi ya kelele ya kwanza: 556, 40106, maikrokontrola au kichezeo cha zamani?

Saketi yoyote kati ya hizi nne itapiga kelele jioni hiyohiyo utakayoiunda. Kwa hiyo urahisi wa kupata sauti ya kwanza, ambao wengi huutanguliza wanapompa mwanagenzi ushauri, hausaidii sana kuchagua. Zinapotengana ni baadaye: ukishazungusha kila kitufe mpaka mwisho, je, saketi bado ina pa kukupeleka? Nimezipima kwa swali hilo, na nasema mapema kwamba naegemea chipu ya 40106. Wapo watu ambao ningewaambia waiache, nao nitawataja.

Mbili kati ya hizi nne, 556 na 40106, hufanya kazi kwa mbinu ileile. Kapasita, sehemu inayotunza umeme, hujazwa kupitia rezista, sehemu inayoubana. Volti zake zikifika kiwango fulani, chipu inageuka na kuanza kuimwaga. Zikishuka hadi kiwango cha chini, inageuka tena. Mzunguko huo ukijirudia kati ya mara 20 na 20,000 kwa sekunde, sikio linasikia sauti. Chini ya hapo utasikia tik, tik, tik. Rezista kubwa au kapasita kubwa huchelewesha mzunguko na sauti inakuwa nzito. Zikiwa ndogo sauti inakuwa nyembamba. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, hufika hapo kwa njia nyingine, ya kuhesabu muda ndani ya programu.

556: tamu, lakini ina vitufe viwili

Chipu ya 555 ilibuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya Marekani, ikaingia sokoni 1972. 556 ni 555 mbili ndani ya ganda moja lenye miguu 14. Saketi ya kelele inayojulikana zaidi kwa chipu hii ilichapishwa na Forrest Mims mwaka 1980, na baadaye ikapachikwa jina la Atari Punk Console, ambalo limeifunika kabisa asili yake.

Ufundi wake unafurahisha ukiuelewa. Nusu ya kwanza ya chipu hutoa mapigo mfululizo. Kila pigo huiamsha nusu ya pili, nayo hutoa pigo moja lenye urefu unaouchagua wewe, kisha hulala. Ukiurefusha pigo hilo kupita nafasi iliyopo kati ya mapigo ya nusu ya kwanza, nusu ya pili inakuwa bado iko kazini pigo linalofuata linapofika, kwa hiyo inalikosa. Hapo marudio hugawanywa kwa 2, ukiendelea kuzungusha yanagawanywa kwa 3, kisha 4. Ndiyo maana sauti haiteremki kwa kuteleza. Inashuka ngazi kwa ngazi, kwa mlio ule wa michezo ya kompyuta ya zamani.

Ina faida moja kubwa: mguu wake wa kutoa unaweza kusukuma hadi miliampea 200, hivyo inaendesha spika ndogo ya omu 8 moja kwa moja kupitia kapasita ya mikrofaradi 10. Huhitaji amplifaya. Mbali na kichezeo, ambacho huja na spika yake, hakuna nyingine hapa inayokupa hilo.

Upungufu wake ni kwamba baada ya potenshiometa mbili, yaani rezista za kuzungusha, umemaliza. Unaweza kuipanua kwa kuweka rezista ya mwanga badala ya potenshiometa, au kuingiza volti za kuyumbayumba kwenye mguu wa 3 au wa 11, inayodhibiti kiwango cha kugeukia. Lakini volti hizo za kuyumbayumba zinahitaji osileta nyingine (saketi inayopanda na kushuka yenyewe) nje ya chipu, na osileta hiyo ungeipata kwa urahisi zaidi kwenye 40106. Tena kuiunganisha si rahisi kama inavyosifiwa. Mguu wa 4 na wa 10 lazima viende kwenye chanya, la sivyo nusu mojawapo inaweza kukaa kimya au kufanya kazi kwa kubahatisha, na anayeanza huwa wa mwisho kuishuku miguu hiyo. Weka pia kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya chanya na hasi, karibu na chipu, kwa sababu 555 za kawaida huushtua umeme wa betri kila zinapogeuka.

Kwa zawadi, kwa somo la mchana mmoja, au kwa mtu anayetaka kisanduku kimoja kinachopiga mlio mmoja mzuri na basi, chukua 556.

40106: sehemu tatu kwa kila sauti

Ndani ya 40106 mna vigeuzi sita. Kila kimoja kina mguu wa kuingiza na mguu wa kutoa: umeme ukiwa juu upande mmoja, unakuwa chini upande wa pili. Kina pia sifa ya kutogeuka ovyo. Kiwango cha kupandia na cha kushukia havilingani, na pengo hilo ndilo linalowezesha sauti. Unganisha rezista kutoka mguu wa 2 kurudi mguu wa 1, weka kapasita kutoka mguu wa 1 kwenda hasi, mpe mguu wa 14 chanya na wa 7 hasi. Umemaliza osileta. Kilo-omu 100 na mikrofaradi 0.1 zitakupa hezi mia moja na kitu, mngurumo wa chini. Badilisha kapasita iwe mikrofaradi 10 na mngurumo unakuwa mdundo wa takriban mara moja kwa sekunde.

Kisha unagundua kwamba bado una vigeuzi vitano ndani ya chipu hiyohiyo, na hilo ndilo lililonifanya niiegemee. Hakuna saketi mpya ya kujifunza. Unarudia rezista moja na kapasita moja. Ukikosea kimoja, vile vingine vinaendelea kulia, kwa hiyo unajua papo hapo kosa liko wapi. Kwenye 556, kosa moja linaweza kunyamazisha kila kitu, na unabaki kuhesabu miguu.

Kuchanganya sauti ndiko kwenye utajiri zaidi. Ukizipitisha sauti sita kila moja kwenye rezista yake ya kilo-omu 10 na kuzikutanisha mahali pamoja, unasikia sauti sita kwa pamoja, kila moja na njia yake. Ukiweka dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, badala ya rezista, na rezista moja ya kilo-omu 10 kutoka pale zinapokutana kwenda hasi, mambo yanageuka: kila sauti inapokuwa juu, inazifunika nyingine. Matokeo ni sauti zinazokatana vipandevipande, zenye milio ambayo hakuna osileta yoyote kati yao inayoitoa peke yake. Sehemu ni zilezile, tofauti ni kama ya mchana na usiku. Jaribu zote mbili kabla hujalehemu chochote.

Badala ya potenshiometa unaweza kuweka rezista ya mwanga na kupiga kwa kivuli cha mkono, au kuacha ncha mbili za waya wazi na kuzigusa, ngozi yako ikawa ndiyo rezista. Ukibonyeza kwa nguvu sauti hupanda, ukilegeza hushuka. Fanya hivyo kwa saketi ya betri tu.

Sasa maonyo, kwa sababu 40106 ina mitego yake.

Kwanza jina. Ipo chipu iitwayo 74HC14 yenye vigeuzi sita vilevile, na miguu iliyopangwa vilevile, na mara nyingi utaambiwa "ni hiyohiyo". Sivyo. 40106 inakubali kuanzia volti 3 hadi 15, ilhali 74HC14 kikomo chake ni volti 6. Ukiichomeka kwenye betri ya volti 9 utaiua. Soma maandishi ya mgongoni kabla ya kuwasha.

Pili, miguu ya kuingiza ambayo huitumii usiiache ikining'inia hewani. Iunge kwenye hasi. Ikiachwa wazi hunasa umeme wa pembeni, chipu hula betri bure, na sauti ulizounda huanza kuchafuka kwa namna usiyoielewa. Tatu, potenshiometa ikifika sifuri osileta hupotea kabisa, kwa hiyo weka nayo rezista ya kilo-omu 4.7 mfululizo. Nne, na hili ndilo kubwa, mguu wa kutoa wa chipu hii ni dhaifu, miliampea chache tu. Usitarajie spika iimbe bila amplifaya.

Yupo binamu yake, 4093, ambaye namtaja hapa kwa sababu wengi huwaweka kama washindani. Ana milango minne badala ya vigeuzi sita, na mpangilio wa miguu si uleule. Kila mlango una miguu miwili ya kuingiza: mmoja unautumia kutengeneza osileta kama kawaida, wa pili unakuwa swichi. Ukiwa chini, osileta inanyamaza. Ukiwa juu, inalia. Chukua osileta ya taratibu, mguu wake wa kutoa uuelekeze kwenye swichi ya osileta ya haraka, na utapata mlio unaokatika wenyewe kwa mpigo, kama wa nyenje. Anayetaka mngurumo mpana wenye tabaka aanze na 40106. Anayetaka midundo, vikatizo na milio ya wadudu aanze na 4093. Ukipata nafasi ya kununua mbili, nunua hizo mbili. Zinaongea lugha moja na hazihitaji chochote katikati.

Baadaye unaweza kuongeza 4040, inayogawanya sauti yoyote kwa 2, kwa 4, kwa 8 na kuendelea hadi hatua 12, yaani kila hatua ni oktavi moja chini. Ndipo ninapoona maana ya kusema saketi ina pa kukupeleka. Kila chipu ya familia hii ya 4000 hutumia volti zilezile na huelewa juu na chini kwa namna ileile.

Maikrokontrola: kumbukumbu, na kompyuta pembeni

Arduino, bodi ya maikrokontrola iliyoanzia Ivrea nchini Italia mwaka 2005, au chipu ndogo ya ATtiny85 yenye miguu minane, inafanya jambo ambalo zote zilizotangulia haziwezi: inakumbuka. Unaweza kuiambia icheze mlolongo uleule kesho na keshokutwa bila kupotoka, ibadilike baada ya dakika tatu, au isome vihisi vitano na kuamua yenyewe. Unabadilisha saketi bila kugusa waya.

Ukianza na amri ya kawaida ya kutoa toni kwenye Arduino utapata wimbi la mraba, sauti moja kwa wakati mmoja. Hapo wengi hukata tamaa na kusema chombo hiki hakina ladha. Ladha iko kwingine. Mwaka 2011 Ville-Matias Heikkilä wa Finland alionyesha kwamba fomula ya mstari mmoja, ikikokotolewa mara 8,000 kwa sekunde na matokeo kutumwa kama sauti ya biti nane, hutoa kitu kinachokaribia muziki: melodia, mdundo na mikwaruzo, vyote kutokana na hesabu. Mtindo huo unaitwa bytebeat. Jaribu `t & (t >> 8)`, ambapo `t` ni kihesabio kinachopanda daima, kisha badilisha namba 8 iwe 7 au 10. Katika maikrokontrola hapa ndipo pa kukaa. Mengine ni kuiga ala ambazo zimeshaundwa vizuri kwingine.

Mbona basi siiweki ya kwanza? Kwa sababu inabadilisha kazi ya mikono. Kwenye 40106 unagusa kitu, sauti inabadilika, unashangaa, unagusa kingine. Kwenye maikrokontrola unaandika, unapakia, unasikiliza, unarudi kuandika. Haitakushangaza mpaka uwe umeipangia kukushangaza. Kwa mtu ambaye tayari anashinda mbele ya kompyuta siku nzima, nadhani hiyo ni hasara. Kwa anayependa kuandika programu, ni kinyume chake, na huyo ndiye wa kwanza ambaye ningemwambia aiache 40106: ataichukia kwa jinsi sauti zake zinavyohama kila betri inapopungua.

Usiunganishe spika ya omu 8 moja kwa moja kwenye mguu wa chipu hizi. Volti 5 kugawa kwa omu 8 ni zaidi ya miliampea 600, na mguu wa ATtiny85 au wa Arduino Uno R3 kikomo chake ni 40. Kidude cha piezo, kile kisahani chembamba kinacholia, kinavumilika; spika inahitaji amplifaya.

Kichezeo cha zamani: kupindisha badala ya kuunda

Mmarekani Reed Ghazala aliligundua hili miaka ya 1960, amplifaya ndogo iliyofunguliwa ilipogusana na chuma ndani ya droo yake na kuanza kulia yenyewe. Unachukua kichezeo cha betri kinachoongea au kuimba, unakifungua, unalowesha ncha ya kidole na kuipitisha juu ya saketi kikiwa kimewashwa. Sauti ikiyumba, umepata mahali. Unaweka hapo waya, swichi au potenshiometa.

Huhitaji kujua lolote kuhusu elektroniki ili kuanza. Tatizo ni kwamba huhitaji kujua lolote hata ukimaliza. Ukipata kichezeo kizuri kitakupa milio ambayo hakuna chipu mpya itakupa; Speak & Spell ya Texas Instruments, ya mwaka 1978, inatafutwa na wapindishaji mpaka leo kwa sababu hiyo. Ukipata kibaya, na vingi vya siku hizi chipu yake imefunikwa kwa tone la gundi nyeusi, huna miguu ya kugusa. Hata hivyo tafuta rezista iliyo karibu na tone hilo. Mara nyingi mojawapo ndiyo inayoweka kasi ya chipu. Itoe, weka potenshiometa, na sauti ya kitoto itazama hadi kukoroma. Ukiipunguza mno chipu itaganda. Toa betri, irudishe.

Kuna sheria moja isiyo na mjadala: betri tu. Kinanda au redio inayochomekwa ukutani haifunguliwi wala haiguswi kwa kidole, hata ukiwa umeizima.

Kama hupendi kabisa nadharia na unacho tayari kichezeo kisichotumika, anza hapa kesho asubuhi. Ukiwa huna, usikinunue kwa ajili hiyo. Chipu za 4000 zitakupa mengi zaidi.

Mbili za pembeni

Ipo familia ya ala za kuguswa, mfano wake ukiwa Kraakdoos iliyotokana na kazi ya Michel Waisvisz na studio ya STEIM ya Amsterdam miaka ya 1970. Ndani yake mlikuwa na chipu moja ya amplifaya na vipande vya chuma; vidole vya mchezaji ndivyo vilivyokamilisha saketi. Inavutia sana, lakini kama mradi wa kwanza inatesa, kwa sababu huwezi kujua kama imekosewa au ndivyo ilivyo.

Na kama unataka mvumo mtupu, ule wa *shhh*, transista ya kawaida ikigeuziwa umeme kati ya mguu wa emita na wa besi hutoa mvumo huo wenyewe, ukiachwa mguu wa tatu bila kuungwa. Betri ya volti 9 mara nyingi haitoshi. Volti 12 ni salama zaidi kwa matokeo. Sauti yake ni ndogo mno na inahitaji kukuzwa kwa nguvu. Iache iwe saketi ya tatu au ya nne.

Amplifaya, ambayo hakuna anayeihesabu

Ukichagua 40106, 4093 au maikrokontrola, hesabu pia chipu ya amplifaya ya LM386. Inafanya kazi kwa volti 4 hadi 12, hukuza mara 20 ikiwa peke yake na mara 200 ukiweka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8. Kwa saketi za kelele mara 20 zinazidi mahitaji. Tatizo ni kinyume: 40106 kwenye betri ya volti 9 hutoa sauti yenye kimo cha karibu volti zote hizo 9, ilhali mguu wa kuingiza wa LM386 haupaswi kupokea zaidi ya volti 0.4 juu au chini ya hasi. Pitisha sauti kwenye kapasita ya mikrofaradi 0.1, kisha rezista ya kilo-omu 100, kisha potenshiometa ya kilo-omu 10 kama kitufe cha sauti. Ukiruka hatua hii utasikia mkwaruzo mmoja tu hata uzungushe nini, na utailaumu chipu isiyo na kosa.

Mpangilio huohuo utumie ukitaka kuingiza saketi kwenye amplifaya ya gitaa au meza ya kuchanganyia sauti. Spika za masikioni usizivae wakati wa majaribio. Ziweke mezani, sikiliza zikiwa mbali, kwa sababu waya mmoja ukigusa pasipotakiwa sauti huruka kutoka kunong'ona hadi kupasua.

Kuhusu betri, 40106 pamoja na LM386 iliyotulia hula miliampea chache, hivyo betri ya volti 9 itakaa muda mrefu. 556 inayosukuma spika moja kwa moja huimaliza mapema. Betri ikichoka usiitupe haraka. Kwenye 556 haitakufaa, kwa sababu chini ya volti 4.5 chipu ya kawaida hainyooki. Kwenye 40106, betri dhaifu, au potenshiometa iliyowekwa kwenye njia ya chanya ili kuinyima chipu umeme, huzifanya sauti sita zianze kuvutana: moja ikipanda nyingine zinayumba, zinakohoa, zinanyamaza na kurudi. Hata mwanzoni, ukiwa na betri mpya, inafaa kuiwekea saketi kitufe hicho.